Mdako Uingie Darasani

Kuna mzazi ambaye jioni, mtoto akirudi kutoka darasa la awali, kitu cha kwanza anachofungua ni begi. Daftari likiwa limejaa, roho yake inatulia. Likiwa tupu, asubuhi yake yuko mlangoni kwa mwalimu mkuu: kucheza watacheza nyumbani, shuleni wamekuja kusoma.

Habari za Froebel na chekechea yake ya mwaka 1837, au za Vygotsky na Piaget kuhusu mchezo na kujifunza, wasikilizaji wa mhadhara huu wanazijua. Wanajua pia kwamba mtaala wa elimu ya awali Tanzania umekwisha kukubali michezo. Kwenye karatasi ugomvi umeisha; kwenye begi la mtoto bado unaendelea, na huko ndiko mhadhara huu unakoelekea.

Daftari lililojaa linathibitisha kwamba mkono ulitembea, basi. Mtoto anaweza kunakili 1 hadi 20 kwa mwandiko wa kupendeza, kisha ukimuuliza kati ya 7 na 9 ipi kubwa, akakutazama tu. Mzazi analipia wino huku akidhani analipia hesabu.

Ushahidi ambao mhadhiri huyu hachoki kuurudia ni wa Robert Siegler na Geetha Ramani, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2008. Waliwachukua watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini, wakawachezesha mchezo wa ubao wenye visanduku vilivyopangwa mstari mmoja, 1 hadi 10. Mtoto anazungusha mshale, anapata 1 au 2, anasogeza kete huku akitaja namba za visanduku anavyopita. Vipindi 4 vya dakika 15. Jumla yake saa moja. Wenzao walicheza ubao wa namna hiyo hiyo, ila wenye rangi badala ya namba. Waliocheza namba waliimarika katika kukadiria ukubwa wa namba. Wa rangi walibaki pale pale. Katika utafiti wao mwingine wa mwaka huo, faida hiyo ilikuwapo hata wiki 9 baadaye.

Wapenzi wa michezo nao wasishangilie mapema. Ubao wa rangi ulikuwa mchezo vilevile, na haukufundisha namba. Mwaka 2014 Elida Laski na Siegler walionyesha kwamba mtoto aliye kwenye kisanduku cha 5 anajifunza zaidi akisogea huku akisema "sita, saba" kuliko akisema "moja, mbili". Tofauti hiyo inamtaka mwalimu aliyechuchumaa pale, anayesikiliza na kusahihisha. Kuwafungulia watoto uwanja huku mwalimu akisahihisha madaftari ni mapumziko, na mapumziko yana haki yake, lakini si somo.

Hapo ndipo mdako unapoingia, na mhadhiri anakiri kwamba anaupenda kupita kiasi. Shimo dogo, tuseme kokoto 13, na moja zaidi ya kudakia. Mchezaji anairusha juu, anakomba kokoto nje ya shimo, anadaka. Anarusha tena, anarudisha zote ila 1. Duru inayofuata anabakiza 2 kila mara, kisha 3. Katika shule moja ya mkoa wa Tanga, mhadhiri alimkuta msichana chini ya mwembe akitazama shimo kabla ya kurusha. "Mbili mbili, moja itakosa mwenzake," akamwambia rafiki yake. Kengele ikalia, wakaingia ndani kunakili namba.

Hakuna utafiti unaojulikana kwa mhadhiri uliopima mdako kama ule wa ubao ulivyopimwa, na kokoto hazina namba zilizoandikwa. Hoja hiyo ni halali. Bado anashikilia kwamba unastahili nafasi kwenye ratiba, si uani tu. Darasa likiwa na watoto wengi, mashimo yachimbwe kadhaa, kila kundi liwe na lake, mwalimu azunguke akiuliza swali moja kabla ya kila kurusha: zitabaki ngapi? Na yule mzazi mwenye begi aitwe siku hiyo, akae na mwanawe kwenye shimo, ajibu naye.