Chama cha Telugu Desam na Makarani wa Serikali



Mmetutaka tuseme juu ya vyama vya siasa vya majimbo katika Bara Hindi. Vyama hivyo ni vingi, nasi hatuwezi kuvimaliza kwa jioni moja. Tumechagua kimoja tu, Telugu Desam, kwa kuwa habari zake zatugusa sisi makarani.

Jimbo la Andhra Pradesh liliundwa mwaka 1956, ili wasemao Kitelugu wawe chini ya serikali moja. Lakini wakubwa wa chama cha Congress huko Delhi ndio waliomweka Waziri Mkuu wa jimbo, na ndio waliomwondoa. Tangu 1978 hata 1982 walikalia kiti hicho watu wanne. Jimbo lilikuwa kama nyumba ambayo ufunguo wake hukaa kwa jirani.

Tarehe 29 Machi 1982, mjini Hyderabad, Bwana N. T. Rama Rao alitangaza chama kipya. Yeye alikuwa mwigizaji wa sinema, ambaye watu walizoea kumwona katika sura za Rama na Krishna. Alizunguka jimbo kwa gari, akihubiri heshima ya Watelugu. Januari 1983, kabla chama hakijatimiza mwaka, kilipata viti zaidi ya 200 katika 294. Maskini wakauziwa mchele kwa rupia 2 kilo moja. Agosti 1984 Gavana alimwondoa Rama Rao. Watu wakapiga kelele, na mwezi uliofuata akarudishwa. Mwisho wa mwaka huo Congress ilishinda karibu kila mahali, lakini Telugu Desam ilipata viti 30, ikawa chama kikubwa cha upinzani katika Bunge la Delhi. Hapo kabla hapakuwa na chama cha jimbo kimoja kilichofikia daraja hiyo.

Sasa tuje kwetu. Februari 1983, serikali hiyo mpya ikiwa na umri wa mwezi mmoja, ilitoa amri kwamba watumishi wake wastaafu wakiwa na miaka 55, si 58 tena, ili vijana wapate kazi. Amri ilitoka tarehe 8, ikaanza kutumika tarehe 28. Fikirini karani wa miaka 56, aliyekwisha pima mshahara wa miaka miwili kwa ada ya shule ya watoto, naye apewa majuma yasiyotimia matatu. Maelfu walitoka. Mwaka 1984 serikali ilifuta pia makarani wa vijiji waliorithi kazi kwa baba zao. Kwa hilo sisi hatulii sana: kalamu si shamba la urithi. Lakini wale wa kwanza walipata kazi kwa haki yao.

Walikwenda mahakamani. Januari 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya Bara Hindi ilisema serikali ilikuwa na uwezo wa kupunguza umri. Hata hivyo umri ulikuwa umekwisha rudishwa kuwa 58 mwezi wa Agosti 1984, katika siku zile Rama Rao alipokuwa nje ya kiti. Naye aliporudi hakuupunguza tena. Basi wale waliotolewa katikati wakadai tena, na baadaye mwaka 1985 mahakama ile ile ikaamuru kwamba ambao hawajafika miaka 58 warudishwe kazini.