Chai ya Kamomili: Faida Zake na Hatari Zake



Siku hizi katika maduka ya Nairobi, Mombasa na miji mingineyo yauzwa chai isiyotokana na mchai wa Kericho wala wa Limuru. Yaitwa chai ya kamomili. Wengi huinunua kwa kuwa wameambiwa ya kwamba yaleta usingizi, yatuliza tumbo, na hata yaponya kila maradhi. Katika maneno hayo yamo ya kweli, na yamo yasiyo kweli. Tena kikombe kile kile kimfaacho mtu mzima chaweza kumdhuru mtoto mchanga. Basi yafaa kila mwenye nyumba ajue kupambanua.

Kamomili ni mmea mdogo wa Ulaya na Asia ya Magharibi. Ua lake lina petali nyeupe zilizozunguka kitovu cha manjano, na harufu yake yafanana na ya tofaa; ndiyo sababu Wayunani wa kale waliuita mmea huu tofaa la ardhini. Waarabu huuita babunaji, na katika Misri hulimwa kwa wingi huko Fayoum. Mkulima wa Molo au Kinangop amjua ndugu yake, yaani pareto, kwa maana mimea hiyo miwili ni ya jamii moja na maua yake yafanana sana. Lakini pareto ni sumu ya wadudu, wala si kinywaji. Mtu asichume ua shambani akalipika kwa kuwa limefanana na kamomili.

Sasa faida zake. Kwanza, chai hii haina kafeini, basi haimnyimi mtu usingizi kama kahawa inywewayo usiku. Pili, tangu zamani watu wa Ulaya wameinywa ili kutuliza msokoto wa tumbo na gesi. Tatu, ndani yake imo dawa iitwayo apigenini, ambayo huaminiwa kuwa yatuliza fahamu kidogo. Hata hivyo mtu asitazamie makuu. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu 34 wasiopata usingizi, waliojaribiwa kwa muda wa siku 28. Waliomeza dawa ya kamomili hawakulala vizuri kwa kadiri kubwa kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Kuitengeneza si kazi. Tia kijiko kimoja cha chai cha maua makavu katika kikombe, mimina maji yaliyochemka, kisha ufunike kwa dakika tano hadi kumi. Usiache kufunika, maana mafuta yake mazuri hupotea pamoja na mvuke. Halafu chuja, unywe.

Na hatari je? Ziko nne za kukumbukwa.

Ya kwanza ni kwa watu ambao miili yao haipatani na maua ya jamii hii. Mtu ambaye ngozi yake huwasha au kuvimba ashikapo pareto au alizeti ajihadhari. Akinywa kamomili kisha midomo ikavimba au pumzi ikambana, apelekwe hospitali mara moja.

Ya pili ni kwa wale wanywao dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo warfarini. Mwaka 2006 madaktari wa Canada waliandika habari za mwanamke wa miaka 70, aliyekuwa akitumia dawa hiyo pamoja na kamomili, akavuja damu ndani ya mwili. Basi mgonjwa wa namna hiyo, na mwenye mimba pia, amwulize daktari kwanza.

Ya tatu ni kwa watoto wachanga. Mama aonapo mtoto wake akilia kwa tumbo, huenda jirani akamshauri ampe vijiko viwili vya chai hii, na asali ndani yake. Asikubali. Mtoto asiyetimiza miezi sita atosheka kwa maziwa ya mama peke yake. Na asali haifai kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa mbaya wa kulegeza viungo. Vijidudu hivyo vimepata kuonekana hata katika maua makavu ya kamomili.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: kuchelewa. Homa ya malaria haitolewi na chai, wala kuhara kwa mtoto, wala maumivu ya kifua. Anayeketi nyumbani siku tatu akichemsha maua apoteza siku ambazo tiba ingemwokoa.

Kwa hiyo, mtu mzima mwenye afya na anywe kikombe chake jioni, apumzike kwa raha. Lakini aiweke chai hii mahali pake: kabatini pamoja na vinywaji, si mahali pa daktari. Wazee walisema, tahadhari kabla ya hatari.