Mboga ya Msimu ni Akiba
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nyamasaria

Leo nina neno moja tu: bei ya mboga hufuata mvua. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, osuga, dek na kunde zimejaa hapa kwetu, na fungu ni kubwa. Kiangazi kikija tunapanda matatu hadi Kibuye kununua kabichi iliyoletwa na lori. Nauli yetu na mafuta ya lori, yote tunalipa sisi! Basi kunde zikiwa nyingi, tuzichemshe kidogo, tuzianike kivulini, tuziweke mahali pakavu. Januari, karo ikidaiwa, sufuria itakuwa na mboga, na shilingi itabaki kwa mtoto. Je, nani ataanza wiki hii?