Nani Anaitwa Kusikiliza Kesi? Orodha, Samansi na Nafasi ya Raia Mahakamani



Nimeombwa nizungumzie marekebisho ya namna mahakama za ngazi ya chini zinavyowapata raia wa kuketi kusikiliza kesi. Sitaanzia ndani ya chumba cha mahakama, kwa sababu kufikia hapo mengi yameshaamuliwa. Yameamuliwa kwenye orodha ya majina, kwenye bahasha ya samansi na kwenye nauli. Mifano yangu mingi itatoka Marekani, ambako juri, yaani raia wanaoitwa kusikiliza kesi na kuiamua, bado ni nguzo ya mahakama za kaunti, kisha nitarudi kwa wazee wetu wa baraza, raia wanaoketi pamoja na hakimu au jaji, ambao naamini tumeanza kuwaondoa kabla hatujajaribu kuwaita ipasavyo.

Kwanza Kenya, maana historia hii ni yetu pia. Mwaka 1941 mjini Nairobi, Mwingereza Sir Jock Delves Broughton alipanda kizimbani akishtakiwa kumuua Mzungu mwenzake, Lord Erroll. Sheria ya koloni ilimpa Mzungu haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na juri hiyo ikamwona hana hatia. Miaka kumi na mitano baadaye, Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, aliletwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Yeye hakuwa na juri. Walikuwapo wazee wa baraza watatu Waafrika, wakatoa maoni kwamba ana hatia, na hata wangesema vingine jaji asingefungwa na maoni yao. Kimathi alinyongwa Februari 1957. Ndani ya koloni moja, rangi ya mshtakiwa ndiyo iliyoamua nani aitwe kusikiliza kesi yake na neno la huyo aliyeitwa liwe na uzito gani.

Marekani haki ya juri imo kwenye Katiba. Tangu 1880 Mahakama ya Juu ilikwisha kubatilisha sheria ya jimbo la West Virginia iliyowazuia watu Weusi kuwa wajumbe wa juri. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini ubaguzi ulihama kutoka kwenye sheria ukaingia kwenye utaratibu wa makarani, na huko ulidumu kwa sababu haukuonekana kwa urahisi.

Mfano ninaotaka tuutazame kwa karibu ni wa kaunti ya Fulton, ndiyo Atlanta, uliofika Mahakama ya Juu mwaka 1953. Majina ya watu wanaofaa kuwa wajumbe yaliandikwa kwenye tiketi ndogo, zikatiwa sandukuni. Tiketi za Wazungu zilikuwa nyeupe, za watu Weusi zilikuwa za njano. Jaji alitia mkono akatoa majina. Kati ya watu wapatao sitini walioorodheshwa kwa ajili ya kesi ile, hakuwamo Mweusi hata mmoja. Hakuna aliyethibitisha kwamba jaji alichungulia rangi, wala haikuwa lazima kuthibitisha. Utaratibu wenyewe ulimpa nafasi yeyote mwenye nia ya kubagua, na Mahakama ya Juu ikatengua hukumu. Kwa watungaji wa kanuni hapa ndipo penye funzo kubwa: nia ya mtu ni ngumu kuithibitisha, ila sanduku linaweza kukaguliwa.

Wanawake nao walizuiwa kwa njia ya upole zaidi. Florida haikuwakataza. Iliwaacha nje ya orodha mpaka mwanamke aende mwenyewe kwa karani akajiandikishe, na mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaubariki utaratibu huo. Iligeuza msimamo mwaka 1975, katika kesi iliyotoka Louisiana. Mwanamke mwenye watoto wadogo na kazi ya mchana, asiyejua hata dirisha la karani liko wapi, alikuwa amekwisha kuondolewa bila mtu kutamka neno la ubaguzi.

Sehemu nyingi, pamoja na mahakama za shirikisho, zilikuwa na desturi ya kuwauliza watu wenye majina mjini wapendekeze raia waaminifu. Bila shaka waliopendekezwa walifanana na waliopendekeza. Mwaka 1968 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba wajumbe wa juri za shirikisho wachotwe kwa bahati nasibu, chanzo kikuu kikiwa daftari la wapigakura, na orodha nyingine ziongezwe pale ambapo daftari hilo halitoshi. Majimbo mengi nayo huchanganya daftari hilo na orodha ya leseni za udereva.

Ikaja kompyuta, na wengi wakaamini upendeleo umekwisha. Haukwisha. Huko Hartford, Connecticut, ilibainika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba wakazi wa jiji hilo hawakuwa wakiitwa kabisa kwenye juri za mahakama ya shirikisho. Data ilikuwa imepangwa vibaya, hivyo herufi ya mwisho ya jina la jiji, d, iliangukia kwenye safu ambayo d ilimaanisha marehemu (deceased kwa Kiingereza). Programu ikauhesabu mji mzima kuwa ni wafu. Hartford ndiko walikoishi watu wengi Weusi na Walatino wa eneo hilo la mahakama. Katika kaunti ya Kent, Michigan, kosa la kompyuta lilidumu kuanzia 2001 hadi 2002 na kuacha nje takriban robo tatu ya watu waliostahili kuitwa, hasa wa mitaa yenye watu Weusi wengi. Kesi zilizotokana na kosa hilo ziliendelea mahakamani kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuna aliyekusudia lolote kati ya haya, na mshtakiwa aliyehukumiwa katika kipindi hicho hakupata nafuu yoyote kwa kujua kwamba lilikuwa kosa la programu.

Tuje kwenye samansi yenyewe. Hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyoandikwa siku mtu alipochukua leseni au kujiandikisha kupiga kura. Mwenye nyumba yake huipata. Mpangaji anayehama kila kodi inapopanda haipati, na mahakama humhesabu kuwa amekaidi. Baadhi ya mahakama za Marekani zimeanza kusahihisha anwani kila mwaka kwa kumbukumbu za posta, na bahasha ikirudi bila kupokelewa, hutuma nyingine kwa mtu wa eneo lilelile la posta, ili mtaa usipoteze sehemu yake. Massachusetts imekwenda mbali zaidi: orodha yake hutokana na sensa ambayo kila mji huifanya kila mwaka, kwa hiyo haimtegemei mtu awe dereva wala mpigakura.

Wapo ndugu zetu, Wakongo na wengine wazungumzao Kiswahili, ambao huletewa samansi hizi Marekani kwa sababu wana leseni ilhali hawajapata uraia. Nasaha yangu kwa wanaowasaidia ni kwamba karatasi ile isitupwe. Ijazwe, pale panapoulizwa uraia ijibiwe kweli, kisha irudishwe. Kujitambulisha kama raia kwa kutoelewa swali kunaweza kumharibia mtu safari yake yote ya uhamiaji.

Halafu kuna fedha, jambo ambalo wanasheria tunaona haya kulisema. Kwa miaka mingi Texas ilimlipa mjumbe wa juri dola 6 kwa siku, na mwaka 2006 ikapandisha hadi dola 40 kuanzia siku ya pili. California malipo ya kawaida yalikuwa dola 15 kwa siku, tena si siku ya kwanza. Ndiyo maana San Francisco mwaka 2022 ilianza mpango wa majaribio wa kuwalipa dola 100 kwa siku wajumbe wa kipato cha chini na cha kati. Massachusetts humtaka mwajiri aendelee kumlipa mfanyakazi siku tatu za kwanza, na asiyechaguliwa kwenye kesi siku aliyoitwa huwa amemaliza wajibu wake siku hiyohiyo. Asiyeweza kupoteza kibarua cha siku moja hawezi kuwa mjumbe, hata jina lake litoke mara ngapi.

Sitakaa sana kwenye haki ya mawakili kumkataa mjumbe bila kutoa sababu. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kuitumia kwa misingi ya rangi, na tangu Januari 2022 jimbo la Arizona limeifuta kabisa. Ni hatua nzuri, ila hairudishi aliyekosekana kwenye orodha.

Sasa nyumbani. Kwa miongo mingi hakimu wa mahakama ya mwanzo Tanzania aliketi na wazee wasiopungua wawili, nao walikuwa na kura. Wakimzidi hakimu, uamuzi ulikuwa wao. Hiyo ilikuwa nguvu halisi mikononi mwa raia, kubwa kuliko ile ya wazee wa Mahakama Kuu waliotoa maoni tu. Kenya iliwaondoa wazee katika Mahakama Kuu mwaka 2007. Tanzania mwaka 2022 ilimwachia jaji wa Mahakama Kuu hiari ya kuwa nao au kutokuwa nao.

Sababu zilizotajwa tunazijua. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilibatilisha kesi nyingi za mauaji kwa kuwa wazee hawakuelezwa wajibu wao, au jaji hakuwafafanulia hoja muhimu za kisheria alipowafanyia majumuisho, au waliachiwa wawahoji mashahidi kama mawakili. Kesi ikaanza upya, mshtakiwa akarudi mahabusu, mashahidi wakatafutwa tena. Tazameni vizuri makosa hayo. Karibu yote ni ya mahakama kwa wazee. Aliyeadhibiwa kwa kuondolewa ni raia.

Kuhusu namna tulivyowapata, wengi wetu humu tumeziona sura zilezile mwaka baada ya mwaka: mstaafu aishiye karibu na mahakama, anayefahamiana na karani. Sina neno baya juu ya wastaafu hao. Lakini mama lishe, dereva wa bodaboda na kijana fundi wa simu hawakuwamo, na kesi nyingi za mahakama ya mwanzo zinahusu maisha ya watu hao.

Napendekeza kila mahakama inayoketi na wazee ichote majina kwa bahati nasibu, hadharani, kutoka daftari la wapigakura likichanganywa na rejista ya wakazi ya kijiji au mtaa, maana hakuna orodha moja inayotosha. Mtendaji wa kata au wa mtaa apeleke samansi, kwa sababu anaijua nyumba. Asiwe mchaguzi wa majina, la sivyo tutakuwa tumerudi kwa wale watu wenye majina mjini. Ujumbe wa simu umkumbushe mzee siku moja kabla, na nauli pamoja na posho viingie kwenye simu yake kabla hajaondoka mahakamani, si baada ya miezi. Asubuhi ya kwanza apewe maelezo ya wajibu wake kwa Kiswahili chepesi, yaliyoandikwa mara moja kwa mahakama zote, ili hakimu asitegemee kumbukumbu yake.

Na kila mwaka mahakama ibandike kwenye ubao wake wa matangazo idadi ya walioitwa, waliofika na walioketi, kwa kata, kwa jinsia na kwa rika. Kazi hii haihitaji sheria mpya wala fedha za wafadhili. Mahakimu mliomo humu mnaweza kuianza robo ijayo ya mwaka, na mawakili mkaiomba kwa barua pale isipobandikwa.