Kemia ya Mwanzo Irudi Mizanini

(Maneno ya mazungumzo kwa makatibu, wanachama na vijana wa vyuo walio likizoni, Ngulyati, Wilaya ya Bariadi)



Mkulima wa Ngulyati hununua kemia kila msimu, ingawa haiiti kwa jina hilo. Chupa ya dawa ya kuua funza wa vitumba ni kemia. Mfuko wa mbolea ni kemia. Magadi yanayotiwa katika chungu cha maharage ni kemia vilevile. Gharama ya dawa na mbolea hulipwa kwa pamba, na hulipwa kwa ukamilifu, dawa iwe iliua wadudu au haikuua. Hivyo basi, kutojua kemia si upungufu wa shuleni tu. Ni hasara inayopimwa mizanini, kilo kwa kilo.

Katika kata hiyohiyo wamo vijana waliosoma kemia. Wamefundishwa asidi na alkali, elementi na kampaundi, na jinsi kitu kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Karo zao zilitoka katika pamba, dengu, choroko na ng'ombe wa wazee wao. Lakini somo hilo walilisoma kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari na vyuo vyetu vingi. Kijana akiulizwa na baba yake kwa nini dawa ya mwaka jana haikufaa kitu, jibu huenda limo kichwani, ila halijui njia ya kutokea mdomoni. Hujibu, "Hayo ni mambo ya shule, baba." Mzee naye hunyamaza, akiamini kwamba elimu ile ilikuwa ya mtihani tu. Hapo ndipo mavuno ya elimu yanapopotelea.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kemia. Neno hilo halina msingi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Oksijeni, haidrojeni, naitrojeni, kaboni, asidi, molekuli: maneno haya yana makazi katika lugha. Na pale neno lisipojulikana kwa msikilizaji, maelezo ya wazi yatosha. Kijana asiyeweza kueleza jambo kwa lugha ya mama yake au kwa Kiswahili hana budi kujiuliza kama alilielewa au alilikariri.

Yafaa sasa itolewe mifano, ili ionekane kemia ya mwanzo inaweza kufanya kazi gani chamani.

Mfano wa kwanza ni maji ya kuchanganyia dawa. Dawa nyingi za wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti, huvunjika upesi zaidi zikikaa katika maji yenye alkali, yaani maji yenye tabia ya magadi au majivu. Mkulima anayechanganya dawa asubuhi kwa maji ya namna hiyo, akaiacha hadi kesho yake, huenda akapulizia maji yaliyobaki na harufu tu. Atailaumu dawa, atamlaumu katibu aliyeigawa, kumbe kosa lilianzia kisimani.

Jambo hili kijana anaweza kulionyesha bila maabara. Achukue maua makavu ya rosela, ayaloweke katika maji kidogo ya moto hadi yatoe wekundu mzito. Apange bilauri tatu mezani. Ya kwanza iwe na maji ya mvua yaliyokamuliwa limao, ya pili maji ya mvua matupu, na ya tatu maji ya mvua yaliyotiwa magadi. Katika kila moja adondoshe matone machache ya rosela. Penye limao wekundu utang'aa. Penye magadi rangi itageuka, ielekee kijani. Kisha ailete bilauri ya nne, iliyojaa maji ya kisima kinachotumika shambani, na wanachama watazame wenyewe yanaelekea upande gani. Kipimo hiki hakitoi tarakimu, wala hakichukui nafasi ya ushauri wa bwana shamba na maelezo yaliyo kwenye chupa. Lakini mtu aliyeona rangi ikigeuka hasahau. Atakumbuka kutumia maji safi, kuchanganya kiasi cha siku ile tu, na kutotia majivu wala sabuni ya unga ndani ya bomba kwa kudhani anaiongezea dawa ukali. Tahadhari moja lazima izingatiwe: katika maonyesho haya dawa yenyewe ya wadudu isiguswe kabisa.

Mfano wa pili ni shamba linalochoka. Nyuzi za pamba karibu zote ni selulosi, na selulosi imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Vitu hivyo mmea huvipata katika hewa na maji. Kwa hiyo uzi unaokwenda nje ya nchi hauchukui rutuba nyingi ya udongo wa Bariadi. Rutuba hubebwa na mbegu, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa pamba inayowekwa mizanini. Humo mna naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizotolewa ardhini. Mbegu ikikamuliwa mafuta, naitrojeni hubaki katika mashudu. Ng'ombe akila mashudu, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hutoka katika samadi. Mkulima anayerudisha samadi shambani anarudisha alichouza. Ile harufu kali inayochoma pua zizini ni amonia, nayo ni naitrojeni inayotoroka hewani. Samadi ikifunikwa, hasara hupungua.

Vivyo hivyo kwa masalia ya pamba. Mabua hung'olewa na kuchomwa ili kukata mzunguko wa wadudu, na agizo hilo lina sababu yake. Lakini moto huondoa naitrojeni karibu yote kwa njia ya moshi, ilhali potasiamu na sehemu kubwa ya fosforasi hubaki majivuni. Majivu yakitawanywa shambani hayapotei bure. Yakiachwa lundo moja mpakani, yamepotea.

Mfano wa tatu unawahusu makatibu. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mfuko wa uzito uleule wa SA una asilimia 21, yaani kilo kumi na nusu. Ni kweli kwamba SA ina salfa pia, nayo ina kazi yake kwa mmea. Hata hivyo, katibu anayelinganisha bei ya mfuko kwa mfuko bila kutazama tarakimu zilizoandikwa ubavuni huenda akanunulia chama hewa. Hesabu hii ni ya darasa la saba. Kinachohitajika ni kijana wa kueleza maana ya asilimia zile.

Mfano wa nne ni mfupi, lakini ndio mzito kuliko yote. Chupa iliyokuwa na dawa haiwi safi kwa kusuuzwa mara mbili tatu. Dawa nyingi hushika kwenye plastiki na kwenye mafuta kuliko zinavyoshika kwenye maji. Mafuta ya kupikia au maziwa yakitiwa humo, huichukua sumu iliyobaki na kuipeleka tumboni mwa mtoto. Mwanafunzi anayejua kwamba mafuta huyeyusha kile ambacho maji hayakiyeyushi, na akakaa kimya akiona chupa hiyo jikoni, amesoma bure.

Njia ya kueneza elimu hii si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vijijini. Walisikiliza redio, wakajadili pamoja na kiongozi wao, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Viongozi wengi wa vikundi hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa kawaida waliopata mafunzo mafupi, wenye kitabu mkononi na subira moyoni. Kijana wa chuo ana zaidi ya hayo.

Kwa upande wa vyama, inafaa kila katibu atenge saa moja kabla ya mkutano wa wanachama wakati wa likizo za vyuo, na aliandike jambo hilo katika ajenda ili lisionekane la kubahatisha. Daftari moja liwekwe kwa maswali. Swali lisilopata jibu lisizikwe. Kijana alichukue, alipeleke kwa mwalimu wake, au kwa watafiti wa Ukiriguru, ambako pamba imechunguzwa tangu miaka ya 1930, kisha arudi na jibu likizo ijayo.

Kwa upande wa vijana, yako mambo manne ya kushika. Aanze kwa kuwauliza wazee wanayoyaona shambani, maana miaka yao arobaini ya kulima nayo ni elimu. Afundishe jambo moja kwa siku moja. Aonyeshe kwa macho kabla ya kutaja jina la kitaalamu. Na asipojua, aseme hajui, kwa kuwa neno la kubahatisha juu ya dawa laweza kuua. Akifanya hivyo atafaidi yeye mwenyewe pia. Swali la mama mmoja mkulima, aliyeketi mbele na bilauri mkononi, humpima mwanafunzi kuliko karatasi ya mtihani.

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akichukua chakula kile asirudi, ni msaliti. Nao ushirika tangu zamani umekubali wajibu wake: kanuni ya tano, kama ilivyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Pande zote mbili zina deni, na deni hilo lalipika.

Basi msimu ujao, kabla bomba la kwanza halijajazwa, bilauri nne ziwekwe juu ya meza ya chama, na kijana wa Ngulyati asimame mbele ya wazazi wake aeleze kwa Kiswahili kile alichotumwa kukitafuta.