KING'ORA CHA MWISHO KISIKIKE
Mazungumzo juu ya upungufu wa volti katika nyaya za kengele za moto



Kengele ya moto huwekwa ili imwamshe aliyelala chumba cha mwisho. Hata hivyo, king'ora cha chumba hicho ndicho kipatacho umeme hafifu kuliko vyote, kwani waya nao hula sehemu ya volti.

Hesabu yake si ngumu. Urefu wa waya hadi king'ora cha mwisho huzidishwa kwa 2, kwa kuwa umeme huenda na kurudi. Kisha huzidishwa kwa ukinzani wa kila mita, na kwa jumla ya ampia za ving'ora vyote. Kwa usalama, huchukuliwa kwamba ving'ora vyote viko mwisho wa waya.

Mathalani, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 12.1 kwa kilomita. Kwa mita 100, kwenda na kurudi, ni omu 2.42. Ving'ora 10 vya ampia 0.15 kila kimoja hutumia ampia 1.5, upungufu ni volti 3.63.

Mfumo huitwa wa volti 24, lakini hesabu haianzii hapo. Kwa utaratibu wa Marekani, huanzia volti 20.4, yaani betri inapokaribia kwisha, na king'ora cha kawaida huhitaji volti zisizopungua 16. Katika mfano huu hubaki 16.77, nazo zinatosha. Vikiongezwa ving'ora 4, hubaki 15.32 tu, nazo hazitoshi. Waya wa milimita za mraba 2.5, wenye omu 7.41 kwa kilomita, ungebakisha 17.29.

Khatari ni kwamba siku ya majaribio umeme upo, betri imejaa, na ving'ora vyote hulia. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kengele hupimwa kwa usiku kama huo.

Kwa hiyo, wasimamizi wa ofisi, skuli, hospitali na nyumba za wageni wanakumbushwa wasikubali king'ora kiongezwe, wala waya urefushwe, kabla ya fundi kuonesha hesabu mpya kwa maandishi.