Kumkumbuka Baba Mapacha
Hotuba ya katibu wa kijiji siku ya kuondoa matanga, Kambi ya Nyarugusu



Awali ya yote tumshukuru Mungu aliyetukutanisha chini ya mwembe huu. Wafiwa wameniagiza niseme machache juu ya maisha ya marehemu mzee wetu. Nitasema kama jirani yake, maana tangu tuvuke ziwa mwaka 1996 nyumba yake na yangu hazikupata kuwa mbali. Nitamwita Baba Mapacha, kama alivyotaka mwenyewe. Sababu yake nitaieleza.

Marehemu alizaliwa upande wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa mvuvi kama baba yake. Nyinyi mliozaliwa kambini hamkuona kazi ile. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mvuvi huwasha karabai juu ya maji, samaki wakafuata mwanga, ndipo wavu unapoinuliwa. Alikuwa akiwasimulia wajukuu mambo hayo huku mikono yake inafunga nyuzi. Ndiyo, ndugu zangu, aliendelea kusuka nyavu mahali pasipo ziwa! Alifumua nyuzi za magunia ya chakula, akasuka. Watu walimcheka, mpaka siku alipotundika nyavu mbili kwenye magoli ya uwanja wetu. Tangu siku hiyo ubishi wa kama mpira umeingia au umepita pembeni ukaisha, na vijana wakaanza kuja kwake kujifunza mafundo.

Mambo aliyoyapenda yalikuwa mengi. Alipenda bustani, mchicha wake ulistawi kwa maji ya kuoshea vyombo. Alipenda gitaa, ingawa kwa ukweli gitaa halikumpenda sana yeye. Alipenda bao. Ndugu zetu wa Burundi walipofika kwa wingi mwaka 2015, wengi wetu hatukujua tuanze nao vipi. Baba Mapacha alichukua ubao wake akaenda kuketi na mzee mmoja wa upande wao. Wakaona wote wawili wana mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, lakini sheria si zile zile. Sisi wengine huanza na kete mkononi. Wao katika igisoro hupanga kete zote mashimoni kabla ya kuanza. Walibishana siku mbili. Siku ya tatu wakakubaliana: leo sheria yako, kesho yangu. Mzee yule yupo hapa leo, na ameuleta ubao.

Lakini alichokipenda kupita vyote, baada ya familia yake, ni redio. Alitengeneza redio za kijiji kizima, na malipo yake mara nyingi yalikuwa kikombe cha chai. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja. Mama watoto alilalamika kwamba fedha ya chumvi inaliwa na betri. Alikuwa na haki, na marehemu alijua kwamba ana haki. Alinyamaza, akaenda kutafuta kibarua cha kufyatua matofali, akaleta chumvi na betri pia.

Kwa nini redio? Hapa ndipo nafika kwenye jina lake.

Mwaka 1990 alipata mapacha, wa kiume na wa kike. Vita vilipotufikia mwaka 1996 walikuwa na miaka sita. Usiku ule ufukweni watu walikuwa wengi na mitumbwi michache. Pacha wa kike alipanda na mama yake. Wa kiume alikuwa mkononi mwa shangazi yake, wakaambiwa wasubiri mtumbwi wa pili. Tulipofika Kigoma tulisubiri. Mtumbwi ule haukuonekana.

Kuanzia hapo aliandika barua za Msalaba Mwekundu. Wazee wanazikumbuka: ni karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu, bila neno la vita wala siasa. Aliandika akiwa Lugufu, akaandika akiwa hapa. Jioni alisikiliza redio. Idhaa ya BBC ya Gahuzamiryango ilianzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya ndugu zetu wa Rwanda waliopotezana, na jina lake ni kuunganisha familia. Yeye aliijua lugha kidogo tu, lugha ya sokoni Uvira, lakini alisema, “Jina la mtu halina tafsiri. Likitajwa nitalisikia.”

Sasa nina jambo la kukiri mbele yenu. Mwaka 2009 Lugufu ilipofungwa tukahamishiwa Nyarugusu, mimi nilikuwa nasaidia kuandika orodha ya kaya. Nikamwuliza, watoto wangapi? Akajibu, “Saba.” Nikamwambia waliopo ni sita. Akasema, “Andika saba. Mgao nipe wa sita.” Jua lilikuwa kali, mstari mrefu, nami nikamwambia kwa sauti kubwa, watu wakisikia, kwamba waliopotea hawahesabiwi, na kwamba ni wakati aache kujiita Baba Mapacha. Hakunijibu. Alimshika mkono binti yake, wakaondoka kwenye mstari.

Usiku ule alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kugomba. Alikuwa amebeba redio yangu, iliyokuwa kwake wiki tatu. Akaiwasha, ikalia vizuri. Akasema, “Ukisikia jina lake, niite.” Akaenda zake. Sikupata kumwomba radhi sawasawa katika miaka yote iliyofuata. Leo naiomba kwa mjane wake na kwa pacha aliyeketi hapa.

Katika safari ile ya kutoka Lugufu kila mtu alipakia sufuria na magodoro. Yeye alipakia mche wa mwembe ndani ya kopo la mafuta, akaupakata njia nzima. Ndio mti unaotupa kivuli sasa hivi.

Baada ya mazishi binti yake alinionyesha daftari. Nilitegemea kukuta hesabu za redio. Nikakuta majina: watoto wake saba kwa mpangilio wa kuzaliwa, wajukuu, na kijiji alikozaliwa kila mmoja wa wazazi wake na wa mama watoto. Kisha kurasa za majirani: nani alizaliwa lini kambini, nani tumemzika. Jina la yule kijana lipo katika nafasi yake. Hakuliwekea alama yoyote. Pembeni ameandika tu: “Ana kovu juu ya jicho la kushoto.”

Ndugu Mwenyekiti, naomba Kamati ipokee pendekezo hili. Kila kaya inunue daftari moja, iandike watu wake wote, waliopo na tusiojua waliko, pamoja na vijiji vyao. Ndugu zetu wa mashirika, mkija kuandika kaya zetu, mtupe nafasi ya kutaja na hao wengine, hata kama hawana mgao. Kuwasikiliza hakuongezi gunia.

Wajukuu wa marehemu, redio yake msiiuze. Mmoja wenu ajifunze kuitengeneza. Na mama yetu, tutaendelea kukuita Mama Mapacha.

Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi.